Fukwe tulivu za Pemba: panga safari kwa maji, si kwa ramani

Anayekwenda Pemba akitarajia kisiwa kilichozungukwa na mchanga mweupe, kama alivyouona Nungwi au Paje kule Unguja, atavunjika moyo siku ya kwanza tu. Sehemu kubwa ya pwani ya Pemba ni mikoko, mahori yanayoingia ndani ya nchi kavu, na mawe makali ya matumbawe. Mchanga upo, tena mzuri, ila umekaa vipande vipande, na vingine hupotea kabisa maji yakijaa. Ndiyo maana hoteli za ufukweni ni chache, na ndiyo maana utaweza kutembea mwendo mrefu ukutane na mvuvi mmoja na mbwa wake.

Mwongozo huu ni kwa msafiri wa kawaida: anayetoka Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, mwenye begi moja, anayepanda daladala na asiyetaka kulipia boti ya hoteli. Kitu kimoja nakisisitiza tangu mwanzo. Ufukwe wa Pemba hauharibiwi na watu, unaharibiwa na saa mbaya. Ukifika maji yamepwa, utakuta tope na majani ya bahari mpaka upeo wa macho, na utarudi nyumbani ukisema Pemba hakuna kitu. Rudi palepale saa sita baadaye na utadhani umepelekwa kwingine.

Kwanza, msimu

Pemba ina milima midogo na miti mingi, na hupata mvua zaidi ya Unguja. Masika, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, barabara za udongo zinazoteremka pwani huwa utelezi mtupu, na bodaboda wengi watakataa kukupeleka. Usiende. Vuli ya Novemba ni nyepesi zaidi. Mvua hunyesha, kisha jua hutoka.

Upepo ni jambo la pili, na watu hulisahau. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei, kwa nguvu hasa Juni mpaka Agosti, na kaskazi hushika Desemba hadi Februari au Machi. Pepo zote mbili zinaipiga pwani ya mashariki kuliko ya magharibi. Kwa hiyo ukienda wakati upepo ni mkali, tegemea magharibi: Verani, Wambaa, Misali. Ukitaka mashariki, subiri kipindi cha kubadilika pepo ambapo bahari hutulia. Mimi napenda Oktoba. Joto halijawa kali, maji yako wazi, na nauli za boti ndogo zinajadilika kwa sababu wageni si wengi.

Jifunze maji kabla ya kununua tiketi

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo safari inapofanikiwa au inapoharibika.

Bahari ya Pemba hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka mpaka mita moja na kitu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huwa kubwa zaidi siku moja au mbili baadaye. Bamvua za Machi na Septemba ndizo kubwa kuliko zote kwa mwaka.

Wavuvi hawahitaji simu kujua haya. Wanahesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, na wewe unaweza kufanya hivyo hivyo. Mwezi mosi na mwezi 15, yaani tarehe 1 na 15 za mwezi huo, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kisha kila siku ongeza kama dakika 50. Ukifuata hesabu hiyo, mwezi 4 maji yatapwa karibu saa sita na nusu mchana. Mwezi 8 yatajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi alasiri, lakini hapo ni maji mafu, hivyo hayaendi mbali. Mwezi 11 yatajaa mchana, saa sita na dakika zake. Nusu ya pili ya mwezi hurudia mtiririko uleule kuanzia 15: mwezi 22 ni kama mwezi 8, mwezi 25 ni kama 11.

Hesabu hii ni ya kupanga safari, si ya kuwekea roho rehani. Inaweza kupishana hata saa nzima. Ukishafika, muulize mvuvi yeyote, "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakujibu bila kuangalia popote. Programu za simu zenye majedwali ya maji nazo zinasaidia, alimradi uchague kituo cha Zanzibar au cha bandari za Pemba, si cha Dar es Salaam.

Sasa itumie hesabu hiyo. Unataka kuogelea mashariki? Safiri kati ya mwezi 8 na 12, au 22 na 26, ambapo maji yamejaa asubuhi hadi mchana na hayashuki sana. Unataka kutembea juu ya mwamba uone samaki wa rangi kwenye vidimbwi, nyota za bahari, na akina mama wakichokoa pweza? Hapo unahitaji bamvua: mwezi 1 hadi 3, au 15 hadi 17, uwe umeshaingia mwambani saa tatu asubuhi.

Na ukiwa mwambani, geuka maji yanapofika mwisho wa kupwa. Usisubiri uyaone yakirudi. Bahari hairudi kwa mbele peke yake. Inaingia kwanza kwenye mikondo na mabonde yaliyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, wakati mwamba uliosimama juu yake bado mkavu. Saa ya kwanza maji huongezeka polepole na kukudanganya. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokwenda mbio. Wenyeji wakianza kuondoka, ondoka nao, hata kama hujapiga picha uliyoitaka.

Kufika

Boti kutoka bandari ya Malindi, Unguja, hufika Mkoani, kusini mwa Pemba. Wete nayo ina bandari, na kuna safari za kutoka Tanga. Ratiba si ya kila siku kwa kila kampuni, na hubadilika, hivyo ulizia ofisini au kwa simu wiki hiyohiyo. Ndege ndogo hutua uwanja wa Chake Chake. Kutoka Unguja ni kama nusu saa angani.

Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Mgeni wa nje abebe pasipoti, na ajue kwamba tangu Oktoba 2024 anatakiwa awe na bima ya safari ya Zanzibar. Nauli za boti kwa wageni hutozwa kwa bei tofauti na za wenyeji, hilo lisikushangaze ukiwa na rafiki wa kigeni.

Mkondo kati ya Unguja na Pemba una mawimbi, hasa wakati wa kusi. Ukijijua unatapika upesi, kaa sehemu ya chini karibu na nyuma ya chombo, ule kidogo, na umeze dawa ya kichefuchefu kabla ya kung'oa nanga, si baada ya kuanza kuumwa. Na ukiona chombo kimejazwa watu na mizigo kupita kiasi, teremka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imezidisha abiria, na nyumba nyingi kisiwani bado zinawakumbuka waliopotea. Hakuna atakayekucheka kwa kusubiri boti ya kesho.

Chagua pa kulala kulingana na pwani unayoitaka

Chake Chake iko katikati. Ina mabenki, soko na daladala za kila upande, na ndipo pa kuchukua fedha taslimu. Fanya hivyo kabla ya kwenda vijijini. Pesa za simu zinafanya kazi karibu kila mahali, lakini mwenye mtumbwi wa kijiji cha Makangale, huko kaskazini, hatakuwa na chenji, wala pengine mtandao. Chukua noti ndogondogo.

Kwa fukwe za kaskazini ni bora ulale Wete au Konde, au Makangale kwenyewe ukipata chumba. Kwa Misali, Chake inatosha. Wambaa na kusini, lala Mkoani au Chake. Ukilala Chake ukataka kufika Vumawimbi na kurudi siku hiyohiyo inawezekana, ila utakuwa unatazama saa muda wote, na hiyo si safari.

Kigomasha: Vumawimbi, Verani na mnara

Rasi ya Kigomasha ndiyo pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa, na kama una siku moja tu Pemba, iende huko. Daladala nyingi huishia Konde. Baadhi huendelea mpaka Makangale. Kutoka Konde unachukua bodaboda, au baiskeli ukiwa na pumzi. Njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi, kipande cha mwisho kikubwa cha msitu wa asili kilichobaki Pemba, na baridi yake unaisikia ghafla shingoni ukitoka kwenye jua la mashamba. Simama kwenye ofisi ya msitu, salimia, ulizia ada na utaratibu. Ukiwa na muda, chukua mtembezaji hapohapo. Popo wakubwa wa Pemba, wasiopatikana kwingine duniani, huonekana huku, na kima punju walioletwa kutoka Unguja miaka ya 1970 wapo pia, ingawa kuwaona ni bahati.

Ukitoka msituni, njia inagawanyika. Kulia ni Vumawimbi, upande wa mashariki wa rasi. Huo ni mchanga mrefu uliojipinda, mweupe, umeungana na miti kwa nyuma, na mawimbi yanavunjikia kwenye mwamba mbali na ufukwe. Hakuna duka, na hakuna kivuli cha kukodi. Mwezi 8 au 9, saa nne asubuhi, maji yanafika karibu na majani na unaogelea hatua chache kutoka nguo zako. Bamvua ikipwa, unatembea mchanga mgumu, mpana, mzuri kwa miguu lakini si kwa kuoga.

Utakuta dago la wavuvi wakati mwingine: vibanda vya makuti, nyavu zimeanikwa, moto wa kuni, sufuria. Hiyo ni nyumba ya watu. Zunguka kwa nyuma au piga hodi. Usikatize katikati na simu imeinuliwa.

Kushoto, upande wa magharibi, ni Verani. Huku bahari imetulia karibu mwaka mzima kwa sababu upepo unakingwa na nchi kavu, na kina kinaongezeka upesi. Mkondo wa Pemba, unaotenganisha kisiwa na bara, una kina cha mamia ya mita, na ukiwa na miwani ya kuzamia unaona maji yakibadilika kutoka kijani kwenda buluu nzito mahali ambapo mwamba umekatika. Usivuke mstari huo ukiwa peke yako. Nje yake kuna mkondo wenye nguvu unaokwenda kaskazini. Jioni kaa hapo. Jua linazama baharini, jambo ambalo Vumawimbi hulipati.

Nchani kabisa kuna mnara wa taa wa Ras Kigomasha, uliojengwa na Waingereza mwaka 1900 na bado unatumika. Ukimkuta mlinzi na akakubali, panda. Kutoka juu unaona fukwe zote mbili kwa pamoja na kuelewa kwa nini upande mmoja una povu na mwingine umelala.

Bodaboda aliyekuleta: mkubaliane saa ya kukufuata, mpe nusu ya fedha, nusu akirudi. Chukua namba yake na yeye achukue yako, kwa sababu mtandao ufukweni huja na kuondoka. Mwambie saa moja kabla ya ile unayoitaka kweli.

Vitongoji, kwa mwenye nusu siku

Mashariki ya Chake, karibu na mji, pwani ya Vitongoji ina vifuko vidogo vya mchanga vilivyobanwa kati ya mawe ya matumbawe. Ni pazuri kwa familia yenye watoto maji yakiwa nusu. Tatizo ni kwamba baadhi ya vifuko hivyo havina njia ya juu. Umeingia kwa kupita pembeni ya jiwe maji yakiwa chini. Yakijaa, jiwe limefungwa, na wewe umebaki kwenye mchanga unaopungua. Kabla ya kutandika mkeka, angalia ukuta wa jiwe nyuma yako. Mstari mweusi na kombe zilizoshikamana vinakuonyesha maji yanafika wapi. Kama mstari uko juu ya kichwa chako, tafuta mahali pengine.

Wambaa

Magharibi, kusini mwa Chake na kaskazini mwa Mkoani. Daladala zipo kutoka Chake, si nyingi. Maji matulivu, mikoko pembeni, usubi wa kutosha ikifika jioni. Enda mchana, rudi kabla giza halijaingia.

Misali kwa boti

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hakifiki kilomita mraba moja, kilichotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1998 na sasa kimo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba iliyoanzishwa 2005. Wenyeji wana heshima nacho: husimuliwa kwamba Nabii Khidhr alifika hapo, akaomba msala, na alipokosa akasema kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake. Kwa hiyo pombe na makelele viache bara.

Boti huondoka Wesha, karibu na Chake, au Mkoani. Hapa ndipo pesa zinapotea, basi fuata mpango. Kodi chombo kizima, usilipe kwa kichwa, halafu mgawane wenzako. Kabla ya kutaja bei, uliza kama inajumuisha petroli, ada ya hifadhi na muda wa kusubiri. Kagua kwa macho yako: majaketi ya kujiokolea yatoshe watu wote, mashine iwe inawaka kwa mvuto mmoja au miwili, pawepo na makasia, pondo au tanga la dharura, na kitu cha kukumbia maji. Nahodha akikuambia "Jaketi la nini, mimi nimezaliwa baharini," mpongeze na utafute mwingine.

Ondokeni asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Matlai, upepo wa mashariki, huanza kusukuma maji kadiri jua linavyopanda. Kwenye kisiwa, mchanga wa karibu na kituo cha walinzi ndio watu hukaa. Ufukwe wa magharibi ni wa kasa, nao hutaga usiku. Usipande kwenye matuta ya mchanga wala kuchimba mashimo, na usiokote kombe. Ukizamia, usishike wala kusimama juu ya matumbawe.

Hodi kabla ya kuvua viatu

Pemba kila kijiji kina sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo, na ukifika mahali pasipo hoteli, kwenda kumsalimu ndiyo njia ya haraka, si ya kuchelewesha. Mazungumzo hayachukui dakika kumi.

"Assalaam alaykum, sheha."

"Waalaykum salaam. Karibuni."

"Ahsante. Sisi wageni, tumetoka Dar. Tunaomba kuteremka pwani, tukae mpaka alasiri."

Atakuuliza umelala wapi na mko wangapi. Mara nyingi atakupa kijana wa kukuonyesha njia, na kijana huyo umpe kitu. Baada ya hapo hakuna mtu atakayekuuliza wewe nani, na begi lako likiachwa chini ya mnazi linakuwa na macho ya kijiji kizima. Kulala ufukweni kwa hema bila ruhusa usijaribu.

Diko, mahali vyombo vinaposhusha samaki, nalo lina mwenyewe. Bwana diko ndiye anayejua chombo gani kimeingia na nani anauza. Samaki wengi huuzwa kwa mnada. Simama pembeni usikilize bei kwanza, kisha muombe mtu akununulie. Ukitaka chakula cha mchana, agiza asubuhi: toa pesa ya samaki, mchele, nazi na mkono wa mpishi, useme saa ya kula. Ukifika saa saba na njaa bila kuagiza utapewa biskuti.

Mavazi. Mwanaume, kaptula ipite magoti ukipita kijijini, na fulana mwilini. Mwanamke, dera au khanga kijijini. Majini vaa suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu. Dera lililolowa linavuta miguu na ni hatari kuogelea nalo. Vazi la kuogea la wazi liache kwa pwani za hoteli, hata kama ufukwe unaonekana mtupu. Si mtupu. Watoto wanaokota kuni nyuma yako.

Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana, na usitegemee mama ntilie. Picha: omba, na ukikataliwa usirudie kuomba.

Mistari ya kamba unayoiona majini mashariki ni mashamba ya mwani, na wenye mashamba wengi ni akina mama. Usipite katikati, ukikanyaga kamba umekata mshahara wa mtu. Baadhi ya shehia, kama Kisiwa Panza, hufunga vipande vya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na kuingia kipindi hicho ni kosa. Uliza.

Ukipewa ruhusa ya kufuatana na wachokoa pweza, funga mdomo na utazame miguu yao. Mama anatembea taratibu, chuma chembamba mkononi, macho chini. Anasimama mahali wewe huoni chochote. Kuna tundu, na mdomoni mwake vijiwe vichache na maganda ya kaa yaliyopangwa: pweza hula ndani na kutupa nje. Chuma kinaingia, kinazungushwa, mkono mmoja wenye vikombe unatoka na kukishika. Anavuta, anageuza kichwa cha pweza nje ndani kwa vidole viwili, kisha anampiga jiweni mara nyingi mpaka alainike. Kazi yote ni muda wa kuvuta pumzi chache. Ukitaka kununua, nunua hapo. Bei ya mjini ni nyingine.

Vitu vya kubeba, na vitakavyokuuma

Viatu vya majini au raba kuukuu zenye soli ngumu ndicho kitu cha kwanza, mbele ya miwani na kamera. Jiwe la matumbawe hukata, na kidonda chake hupona polepole. Ongeza maji ya kunywa lita tatu kwa mtu, kofia, mkeka, tochi, dawa ya mbu, mfuko usiopitisha maji wa simu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, njoo na kikapu. Takataka zako rudi nazo mjini. Kijijini hakuna gari la kuzichukua, zitachomwa au zitarudi baharini.

Miiba myeusi ya baharini imejaa kwenye majani ya bahari na pembeni ya mwamba. Ukichomwa, toa inayoonekana, osha vizuri, usichimbe ile iliyozama. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujificha mchangani kwenye maji ya magotini. Buruza miguu badala ya kuinyanyua, atakimbia. Ukichomwa na taa au samaki jiwe, maumivu ni makali mno. Ingiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kati ya nusu saa na saa moja na nusu, huku ukielekea hospitali. Mwenzako ambaye hajaumwa ndiye apime joto la maji, kwa sababu mwenye maumivu hajui anapoungua. Konyeza (yavuyavu) akikugusa, suuza kwa maji ya chumvi, si maji baridi ya chupa. Hospitali ziko Chake, Wete na Mkoani, ambako kuna hospitali ya Abdalla Mzee.

Mkondo ukikuvuta nje, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye njia yake, halafu ndipo ugeukie nchi kavu.

Mfano wa siku nne

Chukua mwezi 8. Siku ya kwanza unatua Mkoani, unapanda daladala mpaka Chake, unatoa pesa, unalala. Siku ya pili, mwezi 9, alfajiri daladala ya Konde, bodaboda, Ngezi bila kusimama sana, uwe Vumawimbi saa tatu. Maji yatajaa karibu saa tano. Kaa mpaka saa saba yanapoanza kukimbia, kisha vuka Verani kwa miguu au bodaboda, kula ulichoagiza Makangale, mnara, jua kuzama, kulala Makangale au Konde. Siku ya tatu, Ngezi kwa utulivu asubuhi, kurudi Chake kwa kupitia Wete ununue halua. Siku ya nne, mwezi 11, Misali: ondokeni Wesha saa moja, mtakuta maji yakipanda mpaka mchana, rudini saa nane. Ukiwa na siku ya tano iweke tupu, kwa ajili ya boti isiyoondoka.

Msimu wa karafuu utaziona zimeanikwa juu ya majamvi pembeni mwa barabara. Bodaboda apite mbali nazo. Usinunue za kubeba kwa mtu njiani. Biashara ya karafuu Zanzibar iko mikononi mwa shirika la serikali, na kiroba cha karafuu kwenye begi lako bandarini Mkoani kitakupotezea boti.

Tiketi ya kurudi inunue siku unayofika, kabla hujatoka bandarini.